Jiko Upande wa Kusi

Februari ya mwaka wangu wa kwanza Tanga nilisimamia ujenzi wa jiko la nje, upande wa kusi wa nyumba yetu ya Sahare, kwa ujasiri wa mgeni ambaye hajaulizwa na mtu lakini majibu anayo. Nafasi ilikuwapo, kati ya dirisha la chumba cha kulala na mnazi uliosimama peke yake. Bomba la maji lilikuwa hatua nne tu. Na kwa wiki tatu mfululizo nilikuwa nimeutazama moshi wa mafiga ya muda ukiinuka pale na kwenda zake kwenye kiwanja kitupu cha nyuma, mbali na nyumba na mbali na kamba ya nguo. Nikamwambia fundi tujenge hapohapo. Fundi, ambaye naye alikuwa mgeni wa mji, akapiga kamba yake.

Alipofika kozi ya tatu ya matofali akapita jirani yetu, mzee aliyewahi kuwa nahodha wa jahazi na ambaye siku hizi hushinda barazani kwake akishona nyavu za vijana kwa malipo. Mtaa mzima tunamwita Babu.

“Shikamoo, Babu.”

“Marahaba, mwanangu. Jiko hilo?”

“Ndiyo, Babu. Tunaezeka keshokutwa, inshallah.”

Akayatazama makuti ya mnazi, ambayo yote yalikuwa yamelalia upande mmoja kama nywele zilizotoka kuchanwa, akanitazama na mimi, akasema, “Haya. Kusi haiko mbali,” akaenda zake. Nikadhani anazungumzia nafasi, kwamba ukuta umekaribiana mno na mpaka wa kusini, na nikamwambia fundi ausogeze kidogo ndani. Yaani nilipewa onyo nikalitumia kukaribisha jiko dirishani.

Katikati ya Aprili upepo ulikufa. Kwa siku mbili tatu hewa ilisimama, mawingu yakashuka chini, na bahari ikawa na rangi ya sufuria ya zamani. Kisha asubuhi moja nikaona makuti ya mnazi yamegeuka na kulalia upande wa pili, yanatazama nyumba, na chini yake moshi wa makumbi aliyokuwa akichochea mama mkwe wangu ulikuwa umejikunja kwenye pembe ya jiko na kuingia wote, bila kupoteza hata uzi mmoja, kwenye dirisha letu la chumbani. Chandarua kilinuka moshi. Kanzu ya mume wangu ya Ijumaa, niliyokuwa nimeitundika nyuma ya mlango, ilinuka moshi. Mama hakunilaumu kwa neno lolote. Alichukua mkeka wake akauhamishia baraza ya kibla, akaketi huko na kusukua meno kwa mswaki wake taratibu, na kimya kile kilinichoma kuliko moshi.

Nimezaliwa na kukulia Dodoma, na hilo ndilo jambo pekee ninaloweza kusema kujitetea. Kwetu mwaka una vipande viwili, kipande kifupi cha mvua na kipande kirefu cha ukame, na upepo hutoka mashariki karibu miezi yote ukiwa umebeba vumbi lake. Mtu akijua leo moshi unakwenda wapi, anajua na mwakani utakwenda wapi. Sikuwa nimewahi kuishi mahali ambapo upepo hukaa miezi kadhaa ukivuma huku, ukapumzika, kisha ukarudi kuvuma kule, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Kalenda iliyotundikwa ukutani haikuniambia hayo. Nilichojifunza katika miaka 11 niliyokaa hapa ni kwamba katika nyumba za Tanga kuna kalenda nyingine isiyotundikwa, na ndiyo inayoamua jiko likae wapi, unga uumuliwe saa ngapi na mchana tule nini.

Kalenda hiyo ina nguzo mbili. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, huanza kushika mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi, nayo huja na joto, anga safi na maji ya bahari yanayoonyesha mchanga wa chini. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, huingia pamoja na mvua za masika mwezi wa Aprili, hupata nguvu zake zote Juni na Julai, na hulegea taratibu kuelekea Oktoba. Chanzo chake kiko mbali kuliko macho yetu yanavyofika: bara la Asia likipoa katika miezi ya baridi ya kule, hewa nzito huteremka kuja upande wa ikweta na kutuletea kaskazi, bara hilo likishika moto katikati ya mwaka, huivuta hewa kutoka pande zetu za kusini, nasi tunasimama njiani inapopita. Babu haelezi hivyo. Babu hueleza kwa mizigo. Kaskazi, anasema, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Uarabuni na tende, chumvi na mazulia, na kusi ndiyo iliyokuwa ikiyarudisha kwao yamejaa boriti za mikoko. Aliyechelewa kupakia alikaa hadi msimu mwingine, akaoa. Wanaosema “Tanga, waja leo, kuondoka majaaliwa” husema kwa kujisifia raha za mji, lakini mimi naamini kwa mabaharia wa zamani ilikuwa pia taarifa ya hali ya hewa.

Kati ya nguzo hizo kuna majuma yasiyo na mwenyewe, ambayo watu wa baharini huyaita malelezi au tanga mbili, upepo unapovuma leo hivi kesho vile na chombo kinaweza kwenda upande wowote au kisiende popote. Jiko langu lilijengwa mwishoni mwa kaskazi na kuhukumiwa baada ya tanga mbili. Kama ningekuwa nimehamia Julai, ningelijenga upande wa kibla na kulipata kosa hilohilo Desemba.

Nimetaja kibla, na inafaa nieleze, kwa sababu neno hilo hapa si la msikitini tu. Makka iko karibu kabisa kaskazini mwa Tanga, hivyo mihrabu za misikiti yote ya mji hutazama kaskazini, na watu wamezoea kutumia kibla kama dira ya mambo ya kawaida. Fundi huambiwa mlango wa kibla. Mtoto aliyetumwa dukani huambiwa duka la upande wa kibla. Mtaani kwetu ukisema kusini watu hukuelewa, lakini ukisema kusi hugeuza shingo kutazama anga.

Mama mkwe wangu hapiki vitumbua kwa ajili ya nyumba tu. Huamka kabla ya adhana ya alfajiri, na jua linapochomoza tayari sinia lake limetoka kwenda kwa wateja wa karibu, madereva wa bodaboda na wanafunzi. Nilipoingia katika nyumba hii nilijitwika kazi ya kumsaidia kuandaa unga usiku, na kwa kuwa mimi ni mhasibu, niliandika vipimo vyote: mchele kiasi gani, tui kiasi gani, hamira kijiko gani, iliki punje ngapi, saa ngapi uchanganywe. Mwezi mmoja vipimo vyangu vilikubali. Kipupwe kilipoingia, mwezi wa Juni, niliamka nikakuta unga umekaa kama nilivyouacha, mzito, haujatoa hata povu moja, na vitumbua vya siku ile vilitoka bapa kama sahani. Januari iliyofuata, kwa vipimo vilevile, unga ulipanda ukamwagika usiku wa manane na alfajiri ulikuwa umeshachacha.

Mama hana saa ya kazi hiyo. Jioni, baada ya kumaliza kusaga mchele uliolowekwa, huutumbukiza mkono wake hadi kifundo ndani ya ndoo ya maji iliyokaa uani tangu asubuhi. Maji yakiwa ya baridi huchanganya unga mara baada ya alasiri, huongeza ncha ya hamira, hufunika sufuria kwa kanga mbili na kuiegemeza kwenye majivu ya jiko la mchana. Maji yakiwa ya uvuguvugu hungoja hadi isha, hupunguza hamira, na sufuria huilaza ndani ya beseni lenye maji kidogo. Upepo wa kusi ukivuma usiku wenye manyunyu, hufunga dirisha la chumba ambamo unga umelala kama anavyofunga la mjukuu wake. “Unga haujui saa,” aliniambia, “unajua joto.” Daftari langu bado ninalo. Lina ukurasa mmoja wa vipimo, na pembeni, kwa kalamu ya rangi nyingine, maneno yaliyoongezwa mwaka baada ya mwaka: kipupwe, mchoo, vuli, kaskazi kuu. Mchoo ni zile mvua fupi za Julai na Agosti ambazo kalenda za shule hazizitaji, zinazonyesha huku jua likiwaka na kukoma kabla hujafika kwenye kamba ya nguo. Tofauti ya joto kati ya usiku wa Julai na usiku wa Februari si kubwa kwa kipimo cha mtu wa Dodoma, na mwanzoni nilicheka nilipowaona watu wakivaa masweta asubuhi za kipupwe. Siku hizi nami ninalo langu, la bluu.

Kutoka Sahare hadi kazini ninakwenda kwa baiskeli. Mji huu ni tambarare na baiskeli ni chombo cha kila mtu, mwanamke na mwanamume, mwenye buibui na mwenye tai, na kwa hili Tanga inastahili sifa kuliko inavyozipata. Ninaelekea magharibi asubuhi na kurudi mashariki jioni. Katika miezi ya kusi upepo hunisukuma bega la kushoto ninapokwenda, na jioni, ukiwa umeongezewa nguvu na upepo wa bahari wa mchana, hunikabili uso kwa uso kiasi kwamba mahali pengine nashuka nikakokota. Mnyororo huliwa na chumvi. Fundi wangu wa baiskeli hukagua kwanza upande wa baiskeli uliokuwa ukitazama bahari ilipoegeshwa, na huwa hakosei. Ndivyo ilivyo pia kwa mabati ya nyumba yetu, ambayo yalianza kutoboka upande wa mashariki miaka kadhaa kabla ya upande wa pili kupata hata doa. Babu, mwenye paa la makuti, hutusikiliza tukilalamika juu ya kutu na huwa hasemi kitu.

Ofisi yenyewe imo ndani ya mojawapo ya majengo ya zamani yasiyo mbali na bandari, yenye kuta nene, dari lililo juu sana, varanda pana kuzunguka pande mbili, na madirisha marefu ya mbao yenye papi za kupitisha upepo. Waliolijenga walijua wako wapi. Kaskazi iliingia kwa madirisha ya upande mmoja na kutokea ya pili, na kusi ikafanya kinyume chake. Miaka michache iliyopita wenye jengo walilikarabati: wakaziba madirisha ya upande mmoja kwa matofali, wakaweka vioo visivyofunguka upande mwingine, wakatundika viyoyozi. Umeme ukiwapo tunavaa mitandio mabegani. Umeme ukikatika mwezi wa Machi, wakati jua la adhuhuri linasimama utosini na mvua bado haijaja, tunahamisha mafaili na kukaa varandani, na kazi huendelea vizuri tu, juu ya viti vya plastiki, mahali ambapo jengo lilikusudia watu wakae. Nimelisema jambo hili katika vikao viwili. Nilijibiwa kwamba ni suala la muonekano.

Nije kwenye kitoweo, maana hapo ndipo hata asiyejali upepo hulazimika kuujali. Miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya neema: bahari hutulia asubuhi, ngalawa na mashua hufika mbali, na sokoni Deep Sea huoni haya kuuliza bei ya nguru au jodari. Kusi ikikaza, ngalawa nyingi hulala mchangani, wanaotoka hawaendi nje ya mwamba, na samaki wachache wanaoletwa huuzwa kwa maneno makali. Nyumbani kwetu Juni na Julai ni miezi ya kunde, maharage ya nazi na mchicha, na machungwa ya Muheza ambayo huanza kujaa mitaani kana kwamba yametumwa kutufariji. Bajeti yangu ya nyumba zamani ilikuwa na fungu moja la kitoweo kwa kila mwezi. Sasa ina fungu la kaskazi na fungu la kusi, na tangu nifanye hivyo sijawahi kukopa mwisho wa Juni.

Dagaa wana kalenda yao ndani ya hiyo kalenda. Huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wake hupumzika, kwa kuwa taa ya chomboni haina mvuto mbele ya mwezi mpevu. Hivyo dagaa wabichi hupatikana kwa wingi wakati mwezi haupo au umechelewa kutoka, na hilo nililijua upesi. Lililonichukua muda ni la kukausha. Wanawake wanaochemsha dagaa kwa chumvi na kuwaanika hununua mzigo alfajiri wakiwa hawajui mchana utakuwaje. Siku moja ya jua kali hutosha kuwakausha wakalia kama vijiti, lakini wingu la masika likikaa juu yao kutwa nzima, jioni mzigo huo huwa ni wa kuuzwa kwa wafuga kuku. Nimemwona jirani yetu mmoja, Mei moja, akizunguka turubai lake mara nne kati ya saa tatu na adhuhuri, akiwafunua na kuwafunika, huku akiitazama pembe ileile ya anga juu ya bahari. Mara ya tano hakufunua tena. Aliketi, akaomba chai.

Maji ya kujaa na kupwa ndiyo somo nililolipenda kuliko yote, labda kwa sababu ndiyo pekee yenye hesabu ninayoielewa. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua, bahari ikijaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu, yasiyokwenda mbali wala kuja mbali. Siku za bamvua kwetu maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, kisha kila siku husogea mbele kwa muda usiofika saa nzima. Babu hupiga hesabu hiyo kwa vidole vya mkono mmoja, akianza na tarehe ya mwezi wa Kiislamu, na kwa kuwa tarehe hiyo tunayo sote kwa ajili ya funga na sikukuu, mtaa mzima una jedwali la bahari kichwani bila kujua kwamba unalo. Bamvua ikiangukia Jumamosi, saa tatu na nusu asubuhi utaona kina mama na watoto wakitelemka na ndoo na fimbo zenye ncha ya chuma kwenda mwambani kuchokoa pweza. Nami huenda, nikiwa na raba za zamani miguuni. Sijawahi kumwona pweza kabla hajaonyeshwa na mwingine. Mtoto wa miaka tisa alinishika mkono, akanielekeza shimo ambalo mbele yake magamba ya chaza yalikuwa yamepangwa kama vyombo visivyooshwa, akaniambia, “Shangazi, hapo ndipo kwake, keshakula.”

Maji ya bomba nayo yana habari zake. Tanga hunywa Mto Zigi, uliozuiwa kwenye Bwawa la Mabayani, na mto huo huanzia milima ya Usambara Mashariki, pande za Amani, ambako kuna misitu na mvua nyingi kuliko tuliyo nayo. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, sisi huku tunaweza kuwa tumeanika nguo juani, na bado siku chache baadaye maji ya ndoo yana rangi ya chai. Mama hutia shabu, huzungusha mara tatu, hungoja. Ndiyo njia yetu ya kujua kwamba Amani kumenyesha. Ya paa tunayakinga pia, ila mvua ya kwanza huachwa ipite, ioshe chumvi na vumbi la kaskazi.

Mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikija upande wa Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa watu wa pwani, na simu zetu zilijaa ramani zenye duara jekundu. Kwetu vimbunga vya namna hiyo ni nadra, kwa kuwa tumekaa karibu mno na ikweta na nguvu ya mzunguko wa dunia inayoisokota hewa hupungua kadiri unavyoisogelea. Lakini nadra si kamwe: Unguja ilipigwa Aprili 1872 karafuu zikang’olewa, na Lindi ikapigwa Aprili 1952. Nilimwendea Babu nikitarajia aidharau simu, kama wazee wanavyodhaniwa kufanya. Hakuidharau. Alikuwa amemwita mjukuu wake amsomee tahadhari mara mbili, na alikuwa amekwisha kuwaamuru vijana wavute ngalawa zote hadi nyuma ya mikungu. Nilipomuuliza kama anga lilimwambia lolote, alijibu kwamba anga huona mwisho wa macho yake tu, na ile picha ya simu huona hadi Komoro. Kisha akaongeza kwamba miaka yote miwili niliyomtajia ni ya Aprili, tanga mbili, na kwamba mtu asiamini upepo ambao haujachagua upande. Kimbunga kilitua kusini yetu. Sisi tulikosa samaki, tukapata mvua na hofu.

Jiko tulilivunja mwaka wa pili. Matofali mengi yalitoka mazima, kwa sababu fundi alikuwa ameibania saruji, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshukuru mwizi. Safari hii nilikwenda barazani kwa Babu kabla ya kumwita fundi, nikampelekea vitumbua vya moto, nikauliza. Alikula viwili bila kusema. Halafu akachora kwa kidole kwenye vumbi: nyumba, kaskazi inakuja hivi, kusi inakuja hivi. Upande uliobaki ni magharibi, mgongo wa pepo zote mbili. “Weka maghribi,” akasema, “na dirisha la chumbani kwenu litazame matlai.” Dirisha la mashariki tulikuwa nalo tayari. Lile la kusi, nalo lilikuwa la chumba kilekile, tuliliacha, na mlango wa nyuma uko magharibi kwa kuwa ndiko choo kilipo, hilo halikuwa na dawa.

Jiko jipya limekaa huko hadi leo, na kaskazi na kusi zote hupita zikichukua moshi wake hadi kwenye uzio wa michongoma na kuuacha huko. Mwezi mzima wa kwanza nilitembea kama mshindi. Kisha asubuhi moja ya Julai, kabla ya jua, niliamshwa na harufu ya makumbi na iliki, nikainuka nikaona uzi mwembamba wa moshi ukitambaa chini ya mlango wa nyuma, ukivuka sebule kuja chumbani. Nilitoka na taa. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya chuma chake cha vitumbua, akivigeuza kwa kijiti kimoja baada ya kingine, na upepo mdogo wa baridi, ambao nisingeuhisi kama si moto kulala, ulikuwa ukitoka bara kuelekea baharini.

Siku ile nilipokwenda kumwambia Babu, alicheka hadi akaweka wavu chini. Ule ni umande, alisema, upepo wa nchi kavu wa usiku na alfajiri. Hauna nguvu wala hauna msimu mmoja, na ndio uliokuwa ukiwatoa bandarini kabla watu hawajaamka. Nilimuuliza kwa nini hakuutia kwenye mchoro wake. Akasema niliuliza juu ya jiko, na jiko hupikiwa mchana. Hakujua kwamba nyumba yetu hupika usiku.

Kwa hiyo karibu kila alfajiri ya kipupwe moshi huingia ndani kidogo. Mama hunisikia nikikohoa, naye huniambia kutoka nje, bila kugeuka, nisubiri jua. Jua likipanda juu ya bahari umande hukatika, hewa husimama kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, kisha makuti ya mnazi hutikisika na kulalia upande wa nyumba, na mimi natia mafuta kwenye mnyororo wa baiskeli.